Pasaka ya Magomeni

Binti yangu aliponiarifu kwamba mjukuu wetu atabatizwa katika Mkesha wa Pasaka, na kwamba sisi wazee wake tunangojewa Magomeni, majirani zangu wa Soni walinipongeza kwa wepesi wa safari, wakidhani kuwa Magomeni iliyotajwa ni ile ya Dar es Salaam, ambayo mtu wa Usambara akiteremka Mombo alfajiri huifikia kabla jua halijachwa. Sikudumu kuwasahihisha, maana kila nilipojaribu niliulizwa kama kweli ipo Magomeni nyingine. Ipo, tena ni kata ya mji wa Mtwara, kusini kabisa, mahali ambapo pwani yetu inakaribia kwisha na mto Ruvuma unamwaga maji yake baharini. Na baina ya kizingiti changu na kizingiti cha binti yangu zimelala kilomita zaidi ya 800.

Mke wangu alifungasha hidaya tatu. Ya kwanza ilikuwa gauni jeupe la ubatizo, alilolitarizi kwa mkono wake jioni baada ya jioni tangu siku tulipoletewa habari ya kuzaliwa kwa mtoto. Ya pili ilikuwa kapu la peasi, ambazo zilifika zimepondeka hata hazikufaa ila kupikwa. Ya tatu, ambayo niliichagua mimi, ilikuwa mfuko wa makademia za Sakharani. Na sababu yangu ni kwamba watawa Wabenediktini wa Sakharani, tunaosikia kengele yao kila siku huko milimani, ni tawi la Abasia ya Ndanda, iliyoasisiwa mwaka 1906 ndani ya mkoa huo huo wa Mtwara tuliokuwa tukiuendea, nami nikaona ni adabu kuwarudishia watu wa kusini kidogo cha kile ambacho watawa wao wamekipanda kwetu.

Njia ya kusini niliijua zamani. Mwaka 1986, nilipokuwa mwalimu kijana, nilipelekwa Lindi kusimamia mitihani, na lori nililolipanda lilitumia siku nne, mbili kati ya hizo zikiwa za kungoja pantoni pale Ndundu, mto Rufiji umefura, nasi abiria tumekwisha kuwa ndugu kwa kugawana mihogo na kusimuliana mambo ambayo mtu hamsimulii mkewe. Sasa pana Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, wakati mwana wa Lupaso, Masasi, alipokuwa Rais wa Jamhuri, na basi hulivuka kwa muda usiomtosha mtu kumenya chungwa. Sitamani kurudi kwenye pantoni. Walakini safari hii sikupata kulijua hata jina la kijana aliyeketi ubavuni pangu, ambaye masikio yake yalikuwa yamezibwa kwa nyaya tangu Mbagala hata Mingoyo. Wala mtu asidhani kwamba barabara imekwisha kuishinda mvua. Mwezi mmoja baada ya sisi kupita, mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga kiliikata njia hiyo huko Somanga, na abiria wakarudi kulala njiani kama sisi wa zamani. Na kimbunga chenyewe kilikuwa kimepewa jina la Hidaya. Aliyekiita hivyo sijui aliwahi kupokea zawadi za namna gani.

Mikindani ilitutokea ghafla nyuma ya mnazi, ghuba yake imetulia kama maji ya birika, na nyumba zake za mawe zimekaa chini ya mibuyu kana kwamba zinaendelea kumngojea Livingstone, aliyeondoka hapo mwaka 1866 kwenda bara na asirudi tena. Kisha ikaja Mtwara, mji uliochorwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa karanga wa mwaka 1947: bandari ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954, wakati mpango wenyewe ulikuwa umefutwa tangu 1951, na reli iliyojengwa kubeba karanga hizo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata leo pana kata iitwayo Reli, nami nilipopita hapo niliitafuta reli kwa macho, kama ulimi utafutavyo jino lililong'oka.

Nyumba ya wakwe zetu ni ya matofali ya saruji, imepakwa chokaa ya kijani, na ua wake ni wa mchanga mweupe ambao kila asubuhi hufagiliwa kwa mistari kama shamba lililolimwa. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na mvua za kifuku, kama watu wa huku waitavyo majira yao ya mvua, hazijakwisha. Uani, juu ya mkeka, aliketi mama wa bamkwe wa binti yangu, ambaye wote humwita Bibi Mkubwa, naye alikuwa na mjukuu wangu mapajani. Nilimwamkia shikamoo mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa masikio yake ni mazito, na mara ya tatu aliitika marahaba kwa namna ya mtu anayemsamehe mwenzake kwa kupiga kelele.

Bibi Mkubwa ana chale za Kimakonde usoni, mistari iliyovunjikavunjika kutoka paji la uso hadi mashavuni, na mdomo wake wa juu una tundu la ndonya ambalo sasa halina kitu. Mtoto, ambaye alikuwa ametimiza miezi 7, alikuwa akizifuata chale hizo kwa kidole cha shahada, taratibu, mstari hata mstari, na alipofika kwenye tundu la mdomo aliingiza kidole akakitoa, akakitazama, akaingiza tena. Bibi Mkubwa hakumzuia. Nimewaona wageni wakiogopa kuzitazama chale za wazee wa Kimakonde, na nimewaona vijana wa Kimakonde wenyewe wakizionea haya. Mtoto huyu alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akizisoma.

Mwanamke huyu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, na mwaka 1965, vita vya ukombozi wa Msumbiji vikiwa vimeanza tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, aliuvuka mto usiku kwa mtumbwi, mwanawe wa kwanza mgongoni ndani ya mbeleko na mdogo wake wa kike kamshika upindo wa nguo. Mtoto yule wa mgongoni ndiye mkwe mwenzangu wa leo, mtu wa mvi na miwani. Walikaa kwanza katika kambi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi, na nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi, lakini wao walikuwa wamekwisha kupanda mikorosho, na mkorosho haufungwi katika furushi. Mdogo mtu, Bibi Mdogo, aliolewa Mikindani na akasilimu. Ndiyo maana katika familia hii pana rozari na pana tasbihi, na mambo hayo hayakupata kuwa habari ya kusimuliwa mpaka nilipofika mimi mgeni nikayauliza.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 14 Februari, Ramadhani ikaandama katikati ya Machi, na Pasaka ikaangukia tarehe 31, wakati Waislamu wanalimaliza kumi la pili; hata kwa majuma kadhaa jiko la nyumba hii lilikuwa kama limepewa likizo. Mbuzi wa sikukuu alikuwa amefungwa kwenye mwembe, na jirani Mwislamu alikwisha kuahidi kumchinja, kama ilivyo dasturi ya nchi yetu, ili asiwepo mtu wa kuangalia sahani ya mwenzake. Lakini ilibaki hoja moja: sahani hiyo italiwa saa ngapi? Bibi Mdogo alisema, bila kuinua macho katika mchele aliokuwa akiupepeta, kwamba yeye haombi kitu, watu wale adhuhuri yao na wamwekee chake. Kwa kuwa alisema haombi, ikadhihiri kwa wote kwamba sikukuu italiwa magharibi.

Jioni ile ile mkwe mwenzangu aliletewa makademia zangu. Ni mtu wa korosho tangu utoto, na jirani na mji wake, huko Naliendele, pana kituo mashuhuri cha utafiti wa korosho. Kwa hiyo aliipokea kokwa ya kwanza kwa udadisi wa mtaalamu, akaipima kiganjani, akaitia menoni, akaitoa upesi. Alijaribu mlango, akiiweka kokwa penye bawaba. Mlango ukalia, kokwa ikabaki nzima. Alichukua jiwe, na kwa pigo la kwanza kokwa iliruka ikaingia chini ya kabati, na ya pili ikampata paka. Hata ilipopasuka, baada ya kuwekwa katika kishimo sakafuni, alikila kiini chake kidogo kidogo huku amefumba macho. "Mkwe," alisema, "umetuletea korosho iliyovaa chuma." Kisha akanieleza, kwa ufasaha wa mwalimu, kwamba korosho nayo ina ukali wake, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, ila yenyewe haijifichi: huning'inia nje ya bibo, kila mtu aione.

Nilichokuwa nikikiogopa katika safari hii ni suala la jina. Kwetu Wasambaa mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na upande wa mama hauna neno katika jina ila kusubiri kuambiwa. Kwa Wamakonde mambo ni kinyume: ukoo hufuata mama, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Lau tungekuwa watu wa inda, kila upande ungeweza kumdai mtoto kwa sheria yake. Lakini tulikuwa wakwe, na wakwe huoneana haya, kwa hiyo kila upande ulishikamana na sheria ya upande wa pili. Nilimwambia mkwe mwenzangu, "Jina ni lenu, maana mtoto ni wenu." Akanijibu kwa taadhima kubwa, "Hasha, Mkwe. Mama yake katoka kwenu, mtoto ni wenu. Mjomba wake amesema jina gani?" Mjomba wake, ambaye ni mwanangu wa kiume, yuko Arusha, na alipopigiwa simu alicheka akasema yeye hajui kwamba ana madaraka hayo, waulizwe upande wa baba. Tukalala bila jina. Binti yangu alikuwa akitusikiliza huku ananyonyesha, hakusema lolote, na sisi, kwa ujinga wa wazee, tukadhani hana la kusema.

Jumamosi Kuu ilianza kwa vita vya wanja. Bibi Mdogo, mara tu alipomaliza kumwogesha mtoto, alimpaka doa la wanja katikati ya nyusi, jeusi, la duara, la kumkinga na jicho. Bibi Mkubwa alipompokea alilamba ncha ya kanga yake akalifuta, akisema mtoto anakwenda kwa Mungu, haendi sokoni. Saa moja baadaye doa lilikuwa limerudi. Likafutwa. Adhuhuri likarudi tena, safari hii kubwa kidogo. Wazee hao hawakugombana kwa maneno hata mara moja. Walipitana uani wakiulizana habari za mgongo na magoti, kila mmoja akiisubiri zamu yake ya kumshika mtoto. Mke wangu, ambaye Bibi Mkubwa alikuwa akimwita mke mwenza kwa vile mimi nimekwisha kumposa mjukuu, alitaka nitoe hukumu. Nilikataa. Tulipoondoka kwenda kanisani doa lilikuwapo, maana aliyemvisha mtoto gauni alikuwa Bibi Mdogo.

Moto mpya uliwashwa nje ya kanisa, au tuseme ulibembelezwa, kwa kuwa kuni zilikuwa zimenyeshewa mchana kutwa, na njiti za kiberiti ziliteketea moja baada ya moja mikononi mwa kijana wa altare mpaka mtu mmoja alipoleta makumbi makavu ya nazi kutoka nyumba ya jirani. Makumbi yakashika. Mshumaa wa Pasaka ukawashwa kwa moto huo, nasi tukaingia gizani kila mtu na mshumaa wake. Na katika ukimya ulio kabla ya mbiu ya Pasaka tuliisikia sauti ya imamu akisalisha tarawehe katika msikiti usio mbali, ikipanda na kushuka pamoja na upepo. Kule kwetu milimani misikiti na makanisa hutengwa na mabonde, na sauti hufika zimechoka.

Ulipowadia wakati wa watoto wachanga, padre alisogeza kipaza sauti akauliza, kama kitabu kimwagizavyo, wazazi wanampa mtoto wao jina gani. Mkwe mwenzangu alinitazama. Nami nikamtazama. Mwanawe, mume wa binti yangu, akatazama viatu vyake. Kimya kilichofuata hakikuwa kirefu kwa saa, lakini nina hakika waumini wa benchi la nyuma walikisikia. Ndipo binti yangu, ambaye hakuwa ameomba shauri kwa mtu yeyote, wa Usambara wala wa Mueda, akainama kwenye kipaza sauti akalitamka jina la Bibi Mkubwa, jina lake lote, lile la ubatizo na lile la Kimakonde, polepole, likajaa kanisa zima.

Bibi Mkubwa alikuwa ameketi benchi la mbele amesinzia. Hakuwa amesikia swali, lakini jina lake alilisikia. Akasimama kwa mkongojo wake, akaitika kwa nguvu zake zote, "Abee!"

Padre, ambaye ni mtu mzima na ameona mengi, alilishusha kopo la maji akangoja kanisa lirudi katika adabu yake. Mtoto naye alimwagiwa maji mara tatu, hakulia, ila wanja ulioloa uliteremka puani, ukaning'inia kidogo, ukadondoka juu ya gauni jeupe, ukafanya doa jeusi juu ya ua ambalo mke wangu alilitarizi kwa majuma mawili. Mke wangu alilitazama doa hilo mpaka mwisho wa misa. Kesho yake Bibi Mdogo alipoonyeshwa alisema, kwa utulivu wa mtu aliyethibitishwa, kwamba jicho limeangukia nguo badala ya mtoto, na gauni hilo lisifuliwe.

Sasa niungame dhambi ya Jumapili. Mtu aliyefunga Kwaresima akimaliza, huwa amejipa miadi na tumbo lake. Na mimi niliamka siku ya Pasaka nikiwa na miadi hiyo, nikakuta chai ya rangi na kipande cha muhogo, na harufu ya pilau ikipikwa kuanzia saa nane. Alasiri nilizunguka nyuma ya jiko kutafuta kivuli, na huko nikamkuta mkwe mwenzangu amechuchumaa, jiwe mkononi, mfuko wa makademia baina ya miguu. Alinisogezea kigoda bila neno. Tulikuwa tumekwisha kula kama sita, tukigonga kwa uangalifu wa wezi, iliposikika sauti ya Bibi Mdogo kutoka ndani ikiuliza ni nani anayegonga mchana wa mfungo. Hatukujibu. Watu wawili wenye umri wetu, wajomba na mababu, tulikaa pale tumebana pumzi.

Magharibi ilipoadhiniwa, tende zilipitishwa kwanza, kisha uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kisamvu kilichotiwa karanga, samaki wa kupaka, na mwisho sinia za pilau ya mbuzi. Na majirani walikuja kwa jinsi walivyotoka msikitini, hata mikeka mitatu haikutosha. Sisemi kwamba wote walikuwapo. Mjukuu mmoja wa Bibi Mdogo, kijana wa shahada, alituma salamu kwamba atafuturu kwa rafiki zake, kwa kuwa amefundishwa kuwa futari isichanganywe na sikukuu ya watu wengine. Na nijuavyo mimi, hata upande wetu wapo vijana ambao wangekataa vivyo hivyo kwa sababu zao. Bibi Mdogo aliiweka sahani yake, akaifunika kwa kawa, na hakumlaumu mbele yetu. Sahani ile ilikuwapo hata tulipokwenda kulala.

Jumatatu ya Pasaka tulipelekwa Msimbati. Njiani tulipita mashamba ya mihogo na mabomba ya gesi, ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 na ambayo tangu 2015 husafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, tena kwa wepesi kuliko wenyeji wa huku. Pwani ya Msimbati ni mchanga mtupu, mweupe, na kwa upande wa kusini mikoko ya mlango wa Ruvuma huonekana kama wingu lililolala. Ng'ambo yake ni Msumbiji. Zamani wavuvi walikwenda na kurudi kama mtu aendaye jirani kuomba chumvi. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017 mambo si yale. Nilimgeukia Bibi Mkubwa nikitaraji atasema neno juu ya mto ule aliouvuka na mtoto mgongoni. Alikuwa ameupa mto kisogo, akibishana na mchuuzi bei ya pweza.

Tuliondoka Jumanne kabla ya alfajiri. Kituoni mvua ilikuwa ya manyunyu, na familia nzima ilikuja kutuaga ndani ya bajaji mbili, binti yangu na mtoto katika moja, wazee katika nyingine. Basi lilipowasha mashine nilifungua dirisha ili nimwone mjukuu wangu kwa mara ya mwisho, na kwa kuwa giza lilikuwa bado na sikujua yuko wapi, nilimwita kwa jina lake jipya.

"Abee!" ikaitikiwa kutoka katika bajaji ya nyuma, na Bibi Mkubwa akaanza kuteremka, mkongojo mbele, akija dirishani kuuliza nina haja gani. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba sikumwita yeye. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Mbona unapiga kelele?"